Keroka Ina Watoza Ushuru Wawili. Klasta Yako Je?

Wasee, wacha niseme hii kitu bila kuzunguka. Kama unaendesha Kubernetes kwa kuingia ndani ya klasta na kubadilisha vitu kwa mkono, wewe bado si fundi. Wewe ni siri inayotembea. Siku simu yako ikizima, kazi ya watu inasimama.

Najua inauma. Lakini Kisii na Nyamira tuko na vijana wengi wa kompyuta sahii. Wengine wamemaliza Chuo Kikuu cha Kisii, wengine ni kama mimi, tuliacha chuo na tukaendelea kujifunza kwa bando. Na kuna tabia moja inatuangusha sote: kuweka mipangilio ya kazi kichwani ndio mteja alazimike kukutafuta tena. Tunaiita ujanja. Mimi naona ni kujifungia nje ya kazi kubwa.

Kwa wageni, nianze chini kabisa. Kontena ni programu yako ikiwa imefungashwa pamoja na kila kitu inachohitaji ili iamke popote. Ukiwa nayo moja, hakuna shida. Ukiwa na 40 kwenye seva 5, lazima kuwe na msimamizi: nani amekufa awashwe upya, nani aende seva gani, nani aongezewe wenzake. Huyo msimamizi ndio Kubernetes. Google iliiachilia kwa umma mwaka wa 2014, toleo la 1.0 likafika Julai 2015. Jina ni la Kigiriki, maana yake mshika usukani. Na ukitaka kuongea naye, unatumia kubectl: amri unazoandika kwenye ile skrini nyeusi, hakuna kubofyabofya.

Sasa skiza hapa, kwa sababu ndio kiini. Kubectl inaelewa njia mbili za kuongea.

Ya kwanza ni kuamrisha. Unaandika `kubectl scale` nakala ziwe 5. Unaandika `kubectl edit`, unabadilisha mstari, unatoka. Inafanya kazi papo hapo na unajiskia mzito. Ya pili ni kutangaza. Unaandika faili ya YAML inayosema unataka mambo yawe vipi, halafu unaipeleka na `kubectl apply -f`. Hauielezi Kubernetes hatua za kufuata. Unaiambia unataka kufika wapi, nayo inalinganisha unachotaka na kilichoko, kisha inaziba pengo. Kontena moja ikifa saa nane usiku, pengo limeonekana, linazibwa, wewe umelala.

Mama zetu walielewa hii kitambo. Chama chochote kinachojiheshimu kina kitabu. Mweka hazina hasemi "mimi nakumbuka". Akihamia Nakuru kesho, mwingine anafungua kitabu na hesabu inaendelea. Faili ndio kitabu chako. Kubadilisha klasta kwa mkono ni kutoa pesa ya chama bila kuandika. Labda ulikuwa na sababu nzuri kabisa, lakini nani atajua?

Mwaka jana niliitwa kurithi kazi ya jamaa fulani aliyeondoka kwa biashara moja, sitaitaja. Folda ilikuwa na faili safi, zimepangwa vizuri. Kabla ya kuguza chochote nikaandika `kubectl diff -f .` na mistari ikaanza kumwagika. Memori ilikuwa imepandishwa kwa mkono. Anwani ya hifadhidata ilikuwa imebadilishwa kwa mkono. Faili zilikuwa bado zinataja hifadhidata ya zamani. Mtu mwingine angeziamini faili, apige apply, na mfumo ungerudi kuongea na hifadhidata iliyoachwa. Mauzo ya siku nzima yangeingia mahali hakuna mtu anaangalia. Jamaa hakuwa mjinga, alikuwa anajua kazi. Shida ni kwamba ujuzi wake uliondoka na yeye.

Sasa twende Keroka. Wale wa huku mnajua: ule mji umelala mpakani, upande huu Kisii, upande ule Nyamira. Tangu kaunti zianze kazi mwaka wa 2013, pande zote mbili zimevutana kuhusu nani mwenye haki ya kukusanya ushuru pale. Anayeumia ni mfanyabiashara wa katikati, hajui risiti ya nani ndio risiti.

Klasta yako inaweza kuwa Keroka na usijue. Mfano wa kila siku: umeandika kwenye faili kwamba nakala ziwe 3. Halafu umeweka kile kifaa cha Kubernetes kinachoongeza nakala zenyewe wateja wakijaa, kinaitwa HPA. Siku ya soko wateja wanafurika, HPA inapandisha mpaka 8. Wewe, hujui hili wala lile, unapeleka badiliko dogo tu la rangi ya ukurasa na apply. Faili inasema 3. Nakala zinarudi 3 wakati watu wamejaa mlangoni, mpaka HPA ijipange upya. Watoza ushuru wawili, kibanda kimoja. Dawa yake ni rahisi: ule mstari wa nakala utoe kwenye faili, muachie HPA. Lakini panga kuutoa mapema kabla ya siku ya soko, kwa sababu ukiutoa na kupiga apply ya kawaida, mara ya kwanza nakala zinaweza kushuka hadi 1 kabla HPA hajazipandisha. Kitu kimoja, mwenyewe mmoja.

Kubernetes yenyewe ilikuja kukubali kwamba hili ni tatizo. Toleo la 1.22, Agosti 2021, lilithibitisha njia inayoitwa `kubectl apply --server-side`. Hapo klasta inaweka rekodi ya nani anamiliki kila mstari. Ukijaribu kubadilisha mstari wa mwingine, inakataa na kukutajia jina la mwenyewe. Unaweza kulazimisha kwa `--force-conflicts`, lakini angalau sasa unajua unampokonya nani. Hiyo ndio heshima Keroka imekosa.

Swali ninaloulizwa sana kwa inbox: "Nianze na Helm ama Kustomize?" Jibu langu litawaudhi watu, lakini ni hili: vitu vyako mwenyewe, Kustomize. Vitu vya watu wengine, Helm.

Chukulia unajenga mfumo wa kurekodi kilo za majani chai kwenye vituo vya kununulia huko Nyamira. Unahitaji mahali pa majaribio na mahali pa kazi halisi. Na Kustomize unaweka folda ya `msingi`, ndani kuna YAML ya kawaida. Halafu folda ya `majaribio` inasema tu tofauti: nakala 1, memori kidogo. Folda ya `kazi` inasema nakala 4. Unaandika `kubectl apply -k kazi/` na imeisha. Hakuna kitu cha kuweka zaidi, kwa sababu Kustomize iko ndani ya kubectl tangu toleo la 1.14, Machi 2019. Na kila faili unayofungua inasomeka vile ilivyo. Msee aliyeanza kujifunza mwezi uliopita ataielewa.

Helm ni kitu kingine. Inatumia violezo: YAML iliyojaa mabano ya mawimbi na masharti, halafu thamani zinajazwa baadaye. Ukitaka kuweka Prometheus ama hifadhidata iliyopakiwa na wataalamu, Helm ni tamu, na ukiharibu unarudi nyuma na `helm rollback`. Lakini nimeona watu wakiandika violezo vya kurasa na kurasa kwa programu moja ndogo, mpaka wenyewe hawajui kitatoka nini. Kama lazima utumie, andika `helm template` kwanza usome kitakachotoka. Usipeleke kitu hujasoma.

Kuna mitego miwili lazima niitaje. Kwanza, ukifuta faili kwenye folda na kupiga apply, kile kitu hakifutiki kwenye klasta. Apply ya kawaida haifuti kisichotajwa. Tumia `kubectl delete -f` kabla ya kutupa faili, la sivyo utabaki na mizigo inayokula memori bure. Pili, usiweke nywila kwenye Git ati kwa sababu umeiweka ndani ya Secret. Ile base64 unayoona si kufuli, ni maandishi tu yamegeuzwa sura, mtu yeyote anayarudisha kwa sekunde moja.

"Lakini bro, duka la Daraja Mbili linahitaji Kubernetes kweli?" Hapana. Na yeyote anayemuuzia mwenye duka moja klasta nzima anamuibia. Seva moja ndogo inatosha. Sisemi hivi kwa sababu ya hilo duka. Nasema kwa sababu ya kazi zilizo nje ya mji, benki, kampuni za malipo, mashirika ya ng'ambo yanayoajiri mtu akiwa kwao Nyamira. Huko hawataki mtu anayejua siri. Wanataka mtu ambaye akiwa mgonjwa wiki moja, kazi yake inasomeka.

Na kwa sisi tusio na digrii, hii ndio habari njema. Mtihani wa CKA, wa wasimamizi wa Kubernetes, ni saa 2 kwenye skrini nyeusi, unarekebisha klasta halisi. Hakuna kuchagua A, B ama C, na hakuna anayekuuliza cheti cha chuo. Minikube ya kufanyia mazoezi ni bure, inataka prosesa 2, memori ya GB 2 iliyo wazi na diski ya GB 20. Laptopu nyingi za mtumba zinabeba. Mzigo wa kwanza utakula bando, ukweli usemwe, kwa hivyo tafuta WiFi ya rafiki.

Kuna anayesema, "Nikiandika kila kitu, mteja atanifukuza atafute wa bei rahisi." Inaweza kutokea. Lakini mteja anayekushikilia kwa sababu amefungwa, anatafuta njia ya kutoka kila siku. Yule aliyeona faili zako na historia yako ya Git ndiye anayekutaja kwa wenzake. Usiku wa dharura, sawa, tumia `kubectl edit`, okoa kazi. Asubuhi, kabla ya chai, badiliko liandikwe kwenye faili.

Kazi ya leo basi. Chukua kitu kimoja kwenye klasta yako ulichowahi kubadilisha kwa mkono. Kitoe na `kubectl get -o yaml`, ondoa sehemu ya status, uid na resourceVersion, ihifadhi kwa Git, halafu piga `kubectl diff`. Isipotoa mstari hata mmoja, umeanza vizuri. Ikitoa 50, niandikie hapo chini mlikuwa watoza ushuru wangapi.