Mbwa akiuma, kimbilia sabuni na maji

Likizo ya Agosti inapofika, aila nyingi za mjini hufunga virago kwenda kuwaona wazee mashambani. Sisi huelekea Mbita, Kaunti ya Homa Bay, tukavuka ziwa kwa feri kutoka Luanda Kotieno. Watoto wakishateremka tu, hawashikiki. Mchana kutwa wako ufuoni.

Likizo moja, mpwa wangu wa miaka minane alirudi kutoka huko akilia. Mbwa aliyekuwa akirandaranda penye nyavu za kuanikia omena alikuwa amemuuma mguuni. Jeraha lenyewe lilikuwa dogo: alama mbili za meno na damu kidogo. Jirani mmoja akaleta pilipili ya kusaga, mwingine akaja na mafuta ya taa. Vijana nao walishika marungu, na muda si muda mbwa akawa ameuawa na kutupwa ziwani.

Tulipofika hospitalini, muuguzi alituuliza, "Mbwa yuko wapi?" Tukatazamana. Kisha akauliza, "Mlimwosha mtoto kwa sabuni?" Hapo dada yangu akaanza kulia.

Kwa nini maswali hayo? Virusi vya kichaa cha mbwa hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Akiuma, huingia jerahani na kusafiri polepole kupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Safari hiyo aghalabu huchukua mwezi mmoja hadi mitatu. Katika muda huo sindano huokoa maisha. Lakini dalili zikishaonekana, kama vile kuogopa maji na kuweweseka, karibu kila mgonjwa hufa.

Kwa hivyo, mtu akiumwa, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake pilipili, mafuta ya taa wala dawa ya miti shamba. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo tu. Mpwa wangu alidungwa sindano ya kwanza siku hiyo, kisha nyingine baada ya siku 3, 7, 14 na 28. Dada yangu alizitia alama tarehe hizo kwenye kalenda ya ukutani, na hakuruka hata moja.

Na mbwa je? Ikiwezekana bila hatari, afungiwe, na afisa wa mifugo aarifiwe. Mbwa akikaa mzima siku 10 baada ya kuuma, basi hakuwa na kichaa katika mate yake siku ile. Akifa, wataalamu huhitaji kichwa chake ili ubongo upimwe katika maabara. Kumtupa ziwani ni kutupa ushahidi. Hata hivyo, usingoje majibu ndipo uanze sindano.

Ugonjwa huu si mgeni kwetu. Nchini Kenya ulithibitishwa kwa mbwa mwaka wa 1912, viungani mwa Nairobi. Mwaka wa 2014 serikali ilianzisha mpango wa kukomesha vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Nguzo yake kuu ni chanjo ya mbwa: wakichanjwa 70 kati ya kila 100, mwaka baada ya mwaka, ugonjwa hukosa pa kupita.

Wewe unayefuga mbwa au paka, mpeleke achanjwe akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka, na uitunze kadi yake. Mbwa mpole akigeuka mkali ghafla, akidondokwa na mate, taya likilegea au sauti ikibadilika, jitenge naye na umwite daktari wa mifugo. Nao watoto wafunzwe wasimguse mbwa anayekula, aliyelala au anayenyonyesha. Zaidi ya yote, waambie kwamba wakiumwa waseme, hawatachapwa. Wengi huficha kwa kuogopa kiboko.

Mpwa wangu sasa yuko shule ya upili, na kovu lake halionekani vizuri. Sisi tulibahatika. Lakini bahati haipigiwi hesabu, msomaji wangu. Kabla ya kufunga virago safari ijayo, tia kipande cha sabuni mkobani, na uwaulize wenyeji wako: mbwa wa hapa amechanjwa lini?

Tukutane Jumapili ijayo.