Mgeni Siku Mbili: Mzazi Anapohamia kwa Mwanawe



Wapenzi wasomaji, juma hili nimerejea kutoka Navakholo, kaunti ya Kakamega, nilikokwenda kumjulia hali mama yangu mkubwa. Yeye ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa. Huko aliolewa, huko akazaa, na huko akafiwa na mumewe. Baada ya Idi ya Mfungo Mosi mwanawe, ambaye riziki yake iko Kakamega mjini, alimchukua wakae pamoja, kwani moyo haukumridhia kumwacha mzazi peke yake katika nyumba ya ngazi. Safari hiyo yapita kilomita 800. Kwa mtu wa umri wake, ni kama kuihama dunia aliyoizoea.

Nilimkuta hakupungukiwa na kitu. Chumba chake ki karibu na choo, blanketi ni zito kwa ajili ya baridi ya usiku, dawa za presha zimepangwa vyema, na mkazamwana hamwachii hata kuchagua mchele. Lakini amekonda, na maneno yamempungua. Nilipomdadisi akanijibu, "Mwanangu, hapa natunzwa kama mgeni. Na mgeni kazi yake ni kuhesabu siku."

Jioni ile simu yake iliadhini Magharibi, naye akainuka kusali. Nilipotazama dirishani, jua lilikuwa lingali juu ya mashamba ya miwa. Kumbe programu ya adhana ilibaki na majira ya Mombasa! Navakholo iko mbali upande wa magharibi, na jua huchwa huko takribani dakika 20 baada ya kuchwa Mombasa. Sala iliyotangulia wakati wake haisihi. Nilipomweleza alilia, akasema, "Miezi yote hii, hapana hata mmoja aliyesali kando yangu akaona."

Simlaumu ndugu yangu. Hutoka alfajiri, hurejea usiku, na yote ayafanyayo ni kwa ajili ya mamake. Lakini kilio kile kilinifunza kwamba mzazi aweza kushiba, kuvikwa na kutibiwa, na bado akawa mpweke ndani ya nyumba iliyojaa watu.

Aya ya 23 ya Suratul Israa inamtaja hasa mzazi anayefikia uzee akiwa kwa mwanawe, na kukataza hata neno dogo la kuonyesha kuchoshwa naye. Katiba ya Kenya ya 2010 nayo, katika ibara ya 57, haikukomea kwenye matunzo. Imempa mzee pia haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na kuishi kwa heshima. Wahenga walikwisha kutuambia: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi kwa mapenzi yetu tumewanyima wazee wetu jembe, tukidhani tunawapumzisha.

Usiku ule tulikaa kitako, tukashauriana mbele yake, si nyuma yake. Simu ilirekebishwa. Suala la sala zilizopita tulilipeleka kwa shekhe. Mjukuu wa miaka 10 alikabidhiwa amana ya kusali Magharibi na nyanyake kila siku. Na mama akapewa jembe lake: Jumamosi ni yeye akandaye unga wa mahamri, mkazamwana akijifunza. Ijumaa atakapoweza mwanawe, watakwenda Mumias, mji ambao Uislamu uliufikia katika karne ya 19 kwa misafara ya wafanyabiashara wa pwani, ili asikie adhana ya msikitini na akutane na wanawake wenziwe.

Jumamosi yangu ya mwisho huko, watoto wa majirani waliifuata harufu ya iliki hadi mlangoni. Wakamwita "kukhu", yaani nyanya. Akawajibu "mulembe", akacheka; na mimi sikuwa nimemsikia akicheka tangu nifike.

Msomaji mpenzi, ikiwa nyumbani mwako yumo mzee aliyehama kwao, Magharibi ya leo tandika msala wako kando ya wake. Kisha muulize ni kazi gani ya nyumba hiyo angependa iwe yake.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu, walio hai na waliotangulia. Amin.