Jalada la mirathi si siri ya msimamizi



Marehemu wengi wa huku kwetu Gungu huacha mali ya kawaida: nyumba, shamba la michikichi, mtumbwi na nyavu zake, pengine na deni la sokoni. Warithi nao wametawanyika: mmoja Mwanga, mwingine Kasulu, wa tatu ng'ambo ya ziwa, Uvira. Familia hukaa kikao, humpendekeza ami au kaka mkubwa kuwa msimamizi, kisha shauri hupelekwa Mahakama ya Mwanzo, yenye mamlaka juu ya mirathi ya Kiislamu na ya kimila. Baada ya hapo hunyamaza. Wakiuliza, huambiwa kesi imeahirishwa. Mwaka hupita, na mjane hajui hata namba ya shauri.

Malalamiko haya yanapofika kwenye kamati yetu, huuliza kwanza: jalada mmelisoma? Jibu huwa lile lile: tutalisomaje, naye msimamizi ni baba yetu mdogo? Itaonekana tunamshuku.

Aibu hiyo haina msingi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kulishuhudisha, na imeelekezwa kwa watu walioamini. Maandishi humlinda mjane na yatima, na humlinda pia msimamizi mwaminifu asisingiziwe. Msimamizi amebebeshwa amana. Hakurithishwa mali ya wote.

Basi tuanze na namba. Siku shauri linaposajiliwa, kila mrithi aandike namba na mwaka wake, kwani bila hiyo karani wa masjala atapata taabu kulipata jalada. Mwenye pingamizi juu ya anayependekezwa kuwa msimamizi alipeleke mapema mahakamani, asilibakize barazani.

Pili, tarehe. Shauri huweza kupangwa kutajwa au kusikilizwa. Siku ya kusikilizwa mashahidi na vielelezo huhitajika. Asiyefika aweza kukuta mambo yameamuliwa yeye hayupo. Orodha ya mashauri hubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa mahakama. Ukiambiwa limeahirishwa, uliza: hadi lini, na kwa ajili gani?

Mara nyingi shauri hufunguliwa mjane angali edani. Wanazuoni wengi wamemruhusu kutoka mchana kwa haja, na haki yake ni haja. Asipoweza, amtume anayemwamini.

Tatu, yaliyomo. Kwa kanuni za mwaka 1971, msimamizi hutakiwa ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, ila mahakama ikimwongezea muda, kuwasilisha Fomu Na. V yenye mali zote na madeni yote ya marehemu. Hesabu za baadaye huwekwa katika Fomu Na. VI. Hapo ndipo mjane mwenye watoto wa marehemu ataona thumni yake imekokotolewa juu ya mali ipi, na kama mtumbwi umeorodheshwa au umesahauliwa.

Anayetaka kusoma jalada au kupewa nakala aandike barua ya maombi, na abaki na nakala yake iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Panapotakiwa ada, alipe kwa namba ya malipo ya serikali na adai stakabadhi. Asimkabidhi mtu fedha mkononi.

Nne, muda. Asiyeridhika na uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo hukata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Siku hizo huliwa na vikao vya ukoo vya kusubiriana. Suluhu ni kheri, lakini tarehe za mahakama hazisimami kuingoja. Wazee wetu wakifuata Mahakama Kuu hadi Tabora. Leo inakaa hapa Kigoma. Na anayetaka kujua mashauri kama lake yaliamuliwaje, hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani husomwa bure kwenye tovuti ya TanzLII.

Tunazinasihi familia: wakati wa kupendekeza msimamizi, teueni pia mrithi mmoja, awe hata binti, wa kushika daftari la namba, tarehe na nakala. Msimamizi mwema atafurahi kuwa na shahidi.

Wabillahi tawfiq.