Barua inatoka Ubelgiji, kosa linaanzia hapa kwetu



Hapa Muhumba kuna mama mmoja ambaye ameshika barua mukononi. Bwana wake iko Brussels. Yeye na watoto waliomba kibali cha kuishi naye, jibu ni hapana. Mtaa muzima unasema: Wazungu hawatutaki.

Ni kweli huko milango inazidi kufungwa, tutaisema siku ingine. Leo tunaomba musome ile barua. Cheti cha mtoto kilitolewa miaka tisa baada ya kuzaliwa, kwa hukumu ya tribinali. Jina la mama kwenye cheti na kwenye pasipoti si sawasawa. Kwao, hiyo inanuka uongo. Sasa baba anaulizwa kipimo cha ADN juu ya mtoto wake mwenyewe!

Huyu mama hakudanganya mtu. Sheria ya familia inatupa siku 90 za kuandikisha mtoto bure. Alienda mtoto akiwa na wiki tatu. Wakamuambia: “Rudia kesho, shefu hayiko.” Kesho yake wakaomba franga ya biki, ya karatasi, ya kashe. Akachoka. Siku 90 zikapita, na kutoka hapo ni tribinali, franga juu ya franga. Nani basi alichelewesha kile cheti?

Na sisi wakubwa? Kitambulisho chetu ni karti ya kura, na zingine za 2023 wino umeshafutika, hata sura haionekani. Juni 2023 Rais Tshisekedi alipewa kadi yake ya uraia. Yetu iko wapi? Pasipoti ya 2015 tuliuziwa dola 185, na Reuters ilionyesha 2017 kwamba 65 tu ndizo ziliingia kwa serikali. Kisha viza unaifuata Kinshasa, kwa ndege, sababu barabara hakuna.

Tunadai bei zibandikwe kwenye mlango wa kila komine, Ibanda, Kadutu na Bagira. Mwandikishaji akae kwenye maternite, mtoto aandikwe mbele mama hajarudi nyumbani. Na wale ambao ofisi yenyewe iliwachelewesha, tribinali iwape hukumu bure.

Siku ya kwanza saa tatu asubuhi tutakuwa mbele ya komine. Mama mwenye mtoto wa chini ya siku 90, kuja naye. Franga uache nyumbani.

Muhumba, Bukavu, Machi 2024