Betri isiwe na kufuli

Leo naacha programu kando kidogo, ingawa si mbali sana.

Kutoka hapa Chepkoilel hadi mjini Eldoret ni kilomita 9 hivi. Safari fupi kama hii ndiyo kazi hasa ya pikipiki ya umeme. Haili petroli wala oili ya injini, na umeme wetu mwingi unatokana na mvuke wa Olkaria, maji na upepo.

Kinachoniudhi ni hiki: kampuni kadhaa hukuuzia pikipiki, lakini betri inabaki yao. Unaibadilisha kwenye vituo vyao tu, na betri ya kampuni moja haiingii kwenye pikipiki ya nyingine. Kampuni ikifilisika, mwanaboda anabaki na chuma na deni.

Petroli haiulizi pikipiki ni ya kampuni gani. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulilazimisha simu mpya kutumia tundu moja la chaja. Simu ikizima unakosa gumzo. Boda ikizima, watoto wanalala njaa. Serikali iweke kiwango kimoja cha betri sasa, kabla barabara hazijajaa kufuli.