Magnificat Tunayoimba Bila Kujua

Wasee wa kwaya, hii ni yenu. Na ya wale wote husema Kilatini ni mambo ya wazungu waliokufa kitambo.

Mwaka jana kwaya yetu huku Kericho ilijifunza Magnificat ya Victoria, yule Mhispania aliyechapisha Magnificat 16 kule Roma mwaka wa 1581. Ni wimbo wa Maria kwenye Luka 1, unaoimbwa kwa Masifu ya Jioni. Una mistari 12. Mmoja unaimbwa kwa sauti moja, unaofuata sauti nne zinaingiliana hadi nywele zinasimama. Si mbali na nyimbo za kwetu, mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia.

Noti tulizijua zote. Maana? Zii. Nilipouliza, nikaambiwa, "Wewe imba tu."

Usiku nikafungua Biblia. Mstari wa saba wa ule wimbo unasema wakubwa wanashushwa kwenye viti vyao. Wa nane, wenye njaa wanashibishwa. Manze, nilinyamaza. Mamangu alichuma chai miaka 19, hadi mashine ikaja kufanya kazi ya mikono yake. Mwaka wa 2023 watu walichoma mashine kama hizo hapa Kericho. Sisemi walifanya poa. Nasema maneno ya Maria yanatuhusu kabisa, na sisi tuliyaimba kama namba ya simu.

Kuna wanaosema tuimbe Kipsigis na Kiswahili tu. Nawaelewa. Hata Mtaguso wa Pili wa Vatikani, mwaka wa 1963, ulisema muziki wa kila taifa uheshimiwe. Lakini haukutupa Kilatini. Shida si lugha, shida ni kuimba kitu hujaambiwa.

Ombi langu ni hili. Kabla hatujaimba, mtu asimame asome maana kwa Kipsigis. Dakika moja tu.

Na kitu kingine. Victoria aliandika kwa jozi, moja ina sauti nne kwenye mistari ya 2, 4, 6, nyingine kwenye 1, 3, 5. Sisi tuliimba ile ya kwanza, kwa hivyo wakubwa walishushwa kwa sauti moja, chap chap, tukapita. Mwaka huu tuchukue ya pili. Mstari wa saba upate sauti zote.

Mamangu huketi benchi ya mbele. Nataka asikie.