Kabla Nyundo Haijagonga: Mashine ya Mnada Hainunuliwi kwa Pesa ya Haraka

Fungua gazeti siku yoyote ya juma na utakutana na matangazo ya madalali. Lethe, kompresa, mashine za kuchomelea, cherehani za kiwandani, misumeno ya mbao, vinu vya kusaga, hadi masanduku ya spana yanauzwa kwa jumla. Baadhi ni mali ya kampuni zilizofungwa. Nyingine zimekamatwa kwa sababu ya deni la benki au kodi ya nyumba iliyolimbikizwa. Nyingine ni za mashirika ya serikali yanayoondoa vifaa vya zamani, na kuna zile zilizokaa Kilindini au kwenye depo ya makontena ya Embakasi hadi muda wa forodha ukapita.

Kwa fundi wa Kamukunji, Kariobangi Light Industries au mtaa wowote wa jua kali anayetafuta mashine yake ya kwanza, hii ni nafasi ya kweli. Mashine mpya iko juu mno. Iliyotumika, ikiwa nzima, inaweza kufanya kazi miaka mingi na kulisha familia.

Lakini tuna msimamo, na tunausema hata kama unatupunguzia biashara: mnada ni mahali pazuri pa kununua mashine, ila si mahali pa kutumia pesa ya haraka. Pesa ya haraka ni mkopo wa simu wa siku 30 unaochukuliwa mtu akiwa amesimama katikati ya umati, bei ikipanda. Ni karo iliyokuwa ikingoja shule ifunguliwe. Ni pesa ya chama ambayo mweka hazina anasema "nitarudisha wiki ijayo." Sisi kazi yetu ni kupitisha pesa, na kila unapobonyeza kutuma kuna ada. Ndiyo maana tunaona ni haki ukasikia jambo hili kutoka kwetu.

Bei ya nyundo si bei ya mashine

Tuchukue mfano wa lethe ndogo. Nyundo imegonga kwa shilingi 120,000 na watu wanakupigia makofi. Sasa fanya hesabu.

Ikiwa masharti ya mnada yanasema VAT haimo kwenye bei, ongeza asilimia 16, yaani 19,200. Lori, kreni na vijana wa kupakia na kushusha, tuseme 18,000. Mota yake ni ya umeme wa fezi tatu, volti 415, na kibanda chako kina fezi moja ya volti 240. Kifaa cha kubadilisha umeme au mota nyingine, tuseme 25,000. Beringi, mkanda na taya za kushikia chuma zilizolika, 14,000. Jumla ni shilingi 196,200.

Hatusemi kila lethe itakuwa hivyo. Tunachosema ni kwamba katika mfano huu, 76,200 zimeongezeka baada ya nyundo, na hizo ndizo pesa ambazo watu wengi huenda mnadani bila kuwa nazo. Hapo ndipo simu hutolewa mfukoni.

Sasa tuseme umekopa 80,000 za siku 30 kuziba pengo hilo. Wiki mbili za kwanza mashine inasafirishwa, inafungwa na kurekebishwa. Haijakata hata boliti moja. Zimebaki siku 16. Ili ulipe 80,000 bila kuhesabu riba, unahitaji shilingi 5,000 kila siku, Jumapili ikiwemo, na ziwe faida tupu baada ya chuma, umeme, kodi na chakula. Ni fundi gani aliyefungua kazi mpya juzi anapata hivyo? Ukishindwa, jina linapelekwa CRB, na mkopo mkubwa wa maana uliotaka mwaka ujao unakuwa mgumu.

Tena kumbuka, lethe nyingi za mnadani zimefika pale kwa njia hiyohiyo. Kuna fundi aliyekuwa nayo, deni likamzidi, akapewa notisi ya siku saba alipe au mali ichukuliwe. Mashine yaweza kuwa nzima kabisa. Kilichovunjika ni mpango wa pesa.

Siku ya kutazama ndiyo siku ya kuamua

Karibu kila tangazo lina maneno haya: mali inauzwa kama ilivyo, hapo ilipo. Maana yake ni kwamba ukifika nyumbani ukakuta gia haina meno, hiyo ni shida yako. Kwa hivyo usinunue mbuzi kwenye gunia. Madalali huweka siku za kutazama mali kabla ya mnada. Nenda, na uende na fundi anayeijua mashine hiyo. Kumlipa fundi wako kwa kazi ya nusu siku ni gharama ndogo kuliko kuburuta chuma kibovu hadi Nakuru.

Anza na kibao cha chuma kilichopigiliwa kwenye mota. Soma volti, fezi na hezi. Kenya tunatumia hezi 50. Mashine iliyotoka Marekani mara nyingi ni ya hezi 60, na mota yake ya kawaida ikifungwa hapa itazunguka polepole zaidi, karibu sehemu moja ya sita. Kama ni ya volti 110, utahitaji transfoma pia.

Kwa lethe, sukuma kibebea kisu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ikiwa kinalegea karibu na kichwa na kukaza kule mbali, reli imelika mahali inapofanya kazi kila siku, na kuisawazisha ni ghali. Zungusha kichwa kwa mkono usikilize beringi. Uliza gia za kubadilisha ziko wapi, kwa sababu mara nyingi ndizo hupotea kwanza.

Kwa kompresa, omba valvu ya chini ya tangi ifunguliwe. Maji yakitoka na kutu nyingi, au tangi likiwa na kiraka cha kuchomelea, achana nalo. Tangi la hewa likipasuka linaua. Kwa mashine ya kuchomelea, omba umeme na uchome rodi moja au mbili. Ukiambiwa umeme umekatwa na huwezi kujaribu, basi weka bei ya mashine isiyofanya kazi.

Dalali halali anajulikana, na pesa pia ina njia yake

Madalali nchini huongozwa na Sheria ya Madalali ya 1996, na hupewa leseni na bodi yao. Kuuliza leseni si kumkosea mtu heshima. Minada ya mali iliyokaa sana forodhani hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la serikali, na mashirika ya umma huuza vifaa vyao vya zamani kwa kufuata sheria ya ununuzi wa umma ya 2015. Kwa hivyo tangazo linaloonekana kwenye Facebook peke yake, lenye picha safi za mashine na bei ya kutupa, lianze kukutia shaka.

Tapeli ana dalili zake. Anakuomba "ada ya usajili" au "pesa ya kushikilia mashine" kabla hujaiona. Anataka itumwe kwa nambari ya mtu binafsi, "kwa sababu ya kampuni ina shida leo." Anakuharakisha. Jibu ni moja: hakuna kuona, hakuna kutuma.

Hata kwa dalali halali, lipa kupitia Paybill au Till ya biashara. Kabla ya kukamilisha malipo, soma jina linalotokea kwenye skrini ulilinganishe na lile lililo kwenye tangazo. Yasipofanana, simama hapo. Kurudishiwa pesa iliyoenda kwa nambari isiyo sahihi kunawezekana ukiripoti upesi. Lakini pesa uliyomtumia mtu kwa hiari yako, ukidhani ni dalali, huwa imeshatolewa kabla hujamaliza kupiga simu.

Baada ya kulipa, ujumbe wa simu unaonyesha tu kwamba pesa ilitoka. Hausemi ulinunua nini. Dai risiti yenye jina la dalali, nambari ya bidhaa mnadani na nambari iliyogongwa kwenye mwili wa mashine. Uliza pia una siku ngapi za kuiondoa uwanjani, kwa kuwa ada ya kuhifadhi huanza kuhesabiwa.

Na yule jamaa anayekusubiri nje ya geti akisema "niliinunua hapa juzi, nakuachia kwa bei poa"? Tangu sheria ya 2017 kuhusu dhamana za mali inayohamishika, kuna rejista unayoweza kukagua kupitia eCitizen kuona kama mali ya mtu imewekwa rehani. Kagua kwanza. Usije ukanunua mashine ambayo benki bado inaidai.

"Lakini nafasi hairudi"

Tunajua kuna watakaosema hivyo. Tunawajibu kwamba minada haiishi. Wiki ijayo kutakuwa na mwingine, na mwezi ujao mwingine. Kisichorudi kwa urahisi ni akiba ya miaka miwili.

Hatupingi mkopo. Ukiwa na kazi mkononi, mteja ameshaandika oda na mashine itaanza kuingiza pesa mara moja, mkopo wa SACCO wa mwaka mmoja au miwili unaeleweka, kwa sababu muda wa kulipa unalingana na kazi ya mashine. Kinachoumiza ni deni la mwezi mmoja kwa kitu kitakachojilipa kwa mwaka mzima.

Kwa hivyo, usiku wa kuamkia mnada, andika mistari mitano: bei ya juu kabisa utakayotaja, kodi, usafiri, umeme, na vipuri. Jumla ya mistari hiyo iwe chini ya akiba uliyonayo, na ibaki ya kula mwezi mmoja. Mstari wa kwanza ndio kikomo chako. Ukijikuta umekipita kwa sababu ya joto la umati, sheria ya mauzo ya bidhaa inakuruhusu kuondoa bei yako kabla nyundo haijagonga. Ikishagonga, umenunua.

Ukikosa jibu la mstari wowote kati ya hiyo mitano, hiyo si mashine yako kwa leo. Rudi kazini, ongeza akiba, na umwambie fundi wako ajiandae kwa tangazo linalofuata.